Isale Kwenye Kapu la Sadaka

Mzee Thadeus alikwisha kunadi mayai, mkungu wa ndizi na jogoo mmoja mkorofi, alipoingiza mkono kapuni akatoa jani la isale lililofungwa fundo. Mnada wa sadaka ukasimama. Pale Masama hakuna asiyejua: aliyekukosea akikuletea isale, huna ujanja, lazima usamehe. Lakini nani amemkosea nani, mpaka alipitishie kanisani?

Eliona, kwenye kiti chake cha plastiki, alitamani ardhi ipasuke immeze. Isale lilikuwa lake, na alikuwa amemletea Mungu.

Mgongo ulikuwa unamuuma mwaka wa tisa huo. Alishasali, akafunga, akaombewa, akameza vidonge vya kila rangi kutoka Moshi mjini. Kwaresma iliyopita, akimkatia ng'ombe majani, mgongo ukakaza asiweze kunyooka, naye akamwambia Mungu waziwazi kwamba basi, wasisemeshane tena. Na kweli akanuna miezi mitatu. Kanisani alikuja, nyimbo aliimba, ila kuomba, hata neno. Jamani, kumnunia Mungu ni kazi! Upweke ulimshinda. Jumapili hiyo akachuma isale kwenye mpaka wa shamba lake na la jirani, akalitumbukiza kapuni, akijua litafika madhabahuni na mambo yataishia hapo. Alichosahau ni kwamba kisichokuwa pesa chote huenda mnadani.

Akainuka Mektrida, jirani yake. Huyu ndiye aliyewaambia akina mama wa kikundi kwamba mgongo wa Eliona hauponi kwa sababu imani yake ni haba, na tangu siku ile hawakukaribishana hata chai. Mektrida akalichukua jani, akaligeuza, akaona tone la rangi ya buluu aliyopakia geti lake mwenyewe. Limetoka mpakani mwao, yeye na Eliona! Machozi yakamtoka.

"Nimekusamehe, dada yangu," akamwambia Eliona mbele ya watu wote.

Eliona akainuka kwenye kiti chake. Yaani asamehewe yeye, tena na huyu! Angeweza kunyamaza, yakaisha. Lakini Mungu angebaki bila isale lake.

"Si lako," akasema. "Ni la Mungu. Nilimnunia kwa ajili ya mgongo."

Kuna aliyecheka, akajifanya anakohoa. Mektrida alibaki na jani mkononi, uso umemshuka. Mzee Thadeus akakuna kichwa, akatamka kwamba isale likishapokelewa halirudishwi, kisha akanyanyua boga na kuendelea na mnada. Eliona alirudi nyumbani kwa aibu na hasira, hajui hata amkasirikie nani kwanza.

Kesho yake alfajiri aliketi ukingoni mwa kitanda, maana kupiga magoti hawezi. Mgongo ulimng'ata kama kawaida. Hakujua aanzie wapi na Mungu aliyemnunia muda wote huo, ambaye hata isale lake hakulipata, kwa hiyo akaanza na shikamoo. Hapo akasikia mundu nje. Akachungulia dirishani. Mektrida alikuwa ameinama kando ya mfereji, anamkatia ng'ombe wa Eliona majani, na lile isale amelichomeka kwenye kilemba.

"Ngoja kidogo," Eliona akamwambia Mungu. "Kuna mgeni."

Akatafuta fimbo yake, akaenda kubandika chai.