Betri ya Pikapu

Mwaka ule wa vita dizeli haikuonekana Marangu, na jenereta ya shule ya wasichana ilikuwa kimya tangu Krismasi. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa unakaribia. Mwalimu Eunike akamwomba mumewe, Ebenezeri, betri ya pikapu yake kwa jaribio la kemia.

"Ichukue," Ebenezeri alisema, kata ya mbege, pombe ya ndizi, mkononi. Kulipokucha hakukumbuka kama aliulizwa.

Darasani wasichana waliizunguka meza. Mabamba mawili ya shaba yaliyofungwa kwenye betri yalining'inia ndani ya bika ya kioo yenye maji ya mrututu, dawa ile ile ya kupulizia mibuni, na bamba la upande wa hasi lilikuwa limeanza kuota ngozi mpya nyekundu. Zita, aliyesimama mbele, alikuwa akiuliza shaba hiyo inatoka wapi, mlango ulipopigwa teke na Ebenezeri akaingia.

"Mama Ndelilio, ndizi zangu zinaivia barabarani, pikapu haiwaki."

"Baba Ndelilio, jana uliniruhusu. Tutoke nje tuzung..."

Kofi lilimkata kauli. La pili lilimtupa mezani. Bika ikapasuka, maji ya bluu yakamlowesha kifua. Ebenezeri akamkamata nywele, akamgonga uso kwenye mbao, akarudia, na wasichana wakasikia jino likivunjika. Nyumbani Eunike alizoea kunyamaza ili mtoto asiamke. Hapa alitazamwa na wasichana aliowafundisha kuuliza.

Mkono wake ulipapasa ukakuta stendi ya chuma ya kushikia vyombo. Akaizungusha bila kuangalia. Ilimpata Ebenezeri begani, mfupa ukalia, akapiga magoti. Pigo la pili likamvunja taya. Alikuwa ameshalala sakafuni, kiganja amekiinua kujikinga, lilipomshukia la tatu na kumsaga vidole.

Zita akamkumbatia mwalimu wake kwa nyuma.

"Inatosha, mwalimu. Hapigani tena."

Ebenezeri alishushwa hospitali kwa lori la maziwa. Alipona, ila taya liliunga upande.

Ukoo ulimwita Eunike Jumapili, baada ya ibada. Aliyeongoza kikao alikuwa Aminieli, kaka mkubwa wa Ebenezeri na mzee wa kanisa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mwalimu, pigo la kwanza tunalielewa. La pili tutaliombea. Lakini la tatu? Mtu yuko chini."

Mdomo wa Eunike ulikuwa bado umevimba.

"La tatu lilikuwa la mwaka juzi," akasema. "Mimba ilipotoka."

Hakuna aliyeuliza ilitokaje. Mama mkwe aliinuka akaenda jikoni, na hakurudi mpaka kikao kikavunjika.

Eunike akamchukua Ndelilio, wakapanga chumba Soweto, mjini Moshi, akapata kazi shule nyingine. Zita alimtembelea huko baada ya matokeo kutoka. Walizungumza mengi kabla msichana hajathubutu kuuliza.

"Mwalimu, siku ile ungeacha?"

"Usingenishika," Eunike alisema, "ningeendelea."

Kisha akammiminia chai.