Mchana wa Eda

Mume wangu Masoud alifariki tarehe kumi Shaabani, shule zikiwa zimefungwa wiki ya tatu kwa ajili ya ugonjwa wa mlipuko. Aliingia bafuni kuoga, presha ikampanda, akaanguka, basi. Matanga yalikuwa mafupi. Waliokuja walinawa kwenye ndoo pale mlangoni, wakaweka mkono kifuani badala ya kunipa mkono, wakaniambia subira huvuta heri, wakaondoka. Sikulia. Watu walidhani nina subira, kumbe sikuwa na kitu chochote.

Nikaingia eda: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila manukato, bila kuvuka kizingiti pasipo dharura. Mama mkwe wangu, Bi Saleha, alikuja kutoka Tongoni na kifurushi chake cha nguo, tukakaa wote hapa Nguvumali. Alikuwa mkali. Nikisimama dirishani muda mrefu aliniambia, "Mjane hachungulii." Narudi nakaa. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu, na huko nje hakukuwa na ninachokitaka.

Mwanangu Zuleha alikuwa darasa la saba. Kila jioni alisikiliza taarifa ya habari, kisha anakuja kuniuliza mimi, kana kwamba mimi nimesikia redio nyingine.

"Mama, wamesema shule lini?"

"Hawajasema."

Mwanzo zilikuwa siku thelathini. Zikaisha, ikawa hadi itakapotangazwa, na neno hilo halina tarehe. Mtoto alimaliza vitabu vyake vyote vya hesabu. Akachukua ufutio, akafuta majibu yake mwenyewe, akaanza tena ukurasa wa kwanza. Nilimwonea huruma, lakini huruma yenyewe ilikuwa mbali, ya kuitafuta. Mimi angalau nilijua siku yangu ya kutoka, ishirini Mfunguo Tatu, siku kumi baada ya Idi ya kuchinja. Yeye hakuwa na siku ya kuihesabu.

Nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule ya mtu binafsi. Siku moja mkuu wetu, Mwalimu Tadeo, akanipigia simu.

"Mwalimu Chiku, pole tena na msiba. Nimeagizwa niwaambie walimu wote. Siku tutakayofungua, asiyekuwepo darasani, mwenye shule ataweka mtu mwingine."

"Niko eda, Mwalimu."

"Najua, dada yangu. Nimemwambia. Kasema watoto hawangoji."

Basi Zuleha akiswali na kuomba shule zifunguliwe, mimi nyuma yake nimeinua mikono naomba zisifunguliwe, angalau mpaka Mfunguo Tatu. Kushindana dua na mtoto niliyemzaa! Niliona haya, lakini sikuacha. Sikuwa na kitu kingine cha kumlishia na kumsomeshea isipokuwa kazi ile.

Dua la kuku halimpati mwewe. Juni ilipoanza, kidato cha sita wakarudi, na katikati ya mwezi ikatangazwa: madarasa yote, Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa. Zuleha alikimbia kuitafuta sare yake. Nilihesabu kwa vidole nikakuta eda yangu imebakiza wiki sita kamili baada ya siku hiyo. Nikamweleza mama mkwe habari ya kazi kwa mara ya kwanza.

Kesho yake asubuhi akavaa baibui, akatoka bila kuaga. Alirudi adhuhuri.

"Natoka kwa Ustadhi Sabiri," alisema. "Kasema mjane mwenye kazi hutoka mchana akatafuta riziki yake, magharibi awe nyumbani kwake. Jumatatu nenda ukafundishe."

Mtu mwenye akili angesema ahsante.

"Nilitegemea utanikataza, mama," nikasema.

"Nikukataze una mtoto wa kusomesha?"

"Sitaki kutoka. Nikivaa viatu nikaenda kazini kama zamani, ndiyo amekufa. Humu ndani bado hajafa sawasawa."

Nilijisikia nikiyasema, na nilishangaa, maana sikujua kama nilikuwa nayo.

Bi Saleha alivua baibui, akalikunja polepole, akalikunja tena.

"Mama wa marehemu hana eda, Chiku," akasema. "Wewe mkewe umepewa miezi minne na siku kumi. Mimi niliyemzaa nilipewa siku tatu, kisha nikaambiwa matanga yameanuliwa, nikapike. Nikafunga nguo nikaja kwako. Nikawaambia nakwenda kumchunga mjane."

Nikamtazama. Tangu aje hakuwa amejipaka hata mafuta ya nazi. Alikula nilipokula, na nilipoacha chakula, chake pia kilirudi jikoni. Karibu miezi mitatu tumekaa chumba kimoja, na sikuwahi kumuuliza hata mara moja anaendeleaje. Watu walinipa pole mimi, na mimi nikaipokea yote peke yangu.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Umefanya nini? Sote wawili tulikuwa hatuoni."

Jumatatu Zuleha aliondoka mbio, sketi imekuwa fupi juu ya magoti, hakungoja hata chai. Nilivaa nguo zangu nyeupe na barakoa. Nilipotoka chumbani nikamkuta Bi Saleha ameketi pale ninapokaa mimi kila siku, miguu ameikunja, uso ameuelekeza ukutani.

"Mama, mimi nakwenda."

"Nenda, mwanangu. Usiku utakaa mwenyewe. Mchana nitakukalia mimi."