Mke wa Fundi Viti

Fundi Viti alikuwa amesimama mbele ya jiko, mwiko mkononi, akijaribu kukumbuka kama kitunguu hutangulia au nyanya. Maharage yalikuwa yakichemka tangu mchana na bado yalikuwa magumu kama kokoto. Wiki nzima alikuwa akipika maharage, na wiki nzima alikuwa akiyala kwa kuyasukuma na maji. Alimimina kitunguu kwenye mafuta. Kikaanza kurukaruka na kubadilika rangi.

"Punguza moto," mkewe alisema.

Akapunguza. Mkewe alikuwa kwenye mlango wa uani, mgongo ameuegemeza kwenye mwimo, amevaa gauni lake la nyumbani lililoshonwa kwapani kwa uzi wa rangi nyingine. Walikuwa wamemzika kabla ya mvua kuanza. Sasa mvua zilikuwa zimekwisha, na matope ya uani yalikuwa yamekauka na kupasuka. Miguu yake ilikuwa safi.

"Chumvi umetia saa ngapi?" akauliza.

"Mwanzo."

"Ndiyo maana. Chumvi mwisho, baba watoto. Ukiitanguliza, yanagoma."

Fundi Viti alikuwa na mengi ya kumwambia, lakini kitunguu kilikuwa kinaungua, akatia nyanya kwanza.

Hapo akaingia jirani wa nyumba ya nyuma kuazima kiberiti. Alipomwona marehemu alisimama akashika kiuno. "Afadhali umekuja, mwenzangu. Lile karai langu nimelitafuta mpaka nimechoka, na mfiwa nikaona aibu kumuuliza."

"Liko chini ya kitanda cha wageni," marehemu akajibu. "Lina nguo za kupiga pasi. Zimwage tu hapo kitandani."

Jirani alilichukua karai lake, akashukuru, akaondoka na kusahau kiberiti.

Tangu siku hiyo mke wa Fundi Viti alikuwa akija mwanga unapoanza kufifia, na kuondoka vyombo vikishaoshwa. Fundi alianza kufunga karakana mapema. Wateja waliokuja jioni walikuta mlango una kufuli, wakajua yuko nyumbani na marehemu, wakarudi asubuhi. Karakana yenyewe ilikuwa imejaa viti visivyo na makalio. Yeye alikuwa akiranda mbao, akitoboa, akiunga miguu na migongo. Nafasi ya kukalia, ule msuko wa kamba uliofanya watu watoke mbali kuagiza, ulikuwa ukisukwa nyumbani na mkewe, jioni, baada ya kazi nyingine zote. Watu walikuwa wakikaa juu ya kazi ya mikono yake na kumsifu mumewe. Jina la Fundi Viti lilikuwa la mume. Mke aliitwa mke wa Fundi Viti.

Mapishi Fundi aliyajua pole pole. Alikuwa amekula chakula kile maisha yake yote ya ndoa na hakujua ndani yake mlikuwa na nini. Mkewe alimwelekeza akiwa pale pale mlangoni: tangawizi ipondwe, isisagwe, nyanya ziachwe mpaka mafuta yajitenge, wali ukikauka, moto upunguzwe mpaka uwe kama haupo. Fundi alipokosea mkewe alicheka, na kicheko chake kilikuwa kile kile, kinaanzia puani. Fundi alianza kukosea makusudi. Siku moja alitia sukari badala ya chumvi, mkewe akamtazama na kumwambia, "Hiyo umefanya kusudi," wakacheka wote wawili mpaka wali ukashika chini.

Siku maharage yalipotoka kama yalivyotakiwa, Fundi alionja, akaweka mwiko chini, akalazimika kutoka uani kidogo kujifuta macho. Aliporudi alipakua sahani mbili.

"Njoo tule," akasema.

"Kula wewe kwanza."

"Tule pamoja."

"Kitapoa. Kula."

Akala. Alipomaliza, mkewe aliichukua ile sahani ya pili, akairudisha yote sufuriani, akafunika. Kisha akachukua sufuria ya wali, akaanza kukwangua ukoko kwa kijiko na kuutafuna taratibu, mgongo kwenye mwimo, mguu mmoja ameukunja na kuukanyagia ukutani nyuma yake. Macho yake yalikuwa uani, hayaangalii kitu. Fundi hakuwahi kuona jambo hilo. Miaka yote saa hiyo alikuwa sebuleni, amenyoosha miguu, anasikiliza taarifa ya habari.

"Siku zote ulikuwa unakula hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Umesimama."

Mkewe alifikiri. "Nilikuwa na kazi," akasema.

Fundi alizungusha macho jikoni akitafuta pa kumkalisha. Palikuwa na ndoo iliyopinduliwa, na juu ya ndoo palikuwa na mtungi wa maji. Akaenda sebuleni. Mlikuwa na kiti chake chenye mikono, viti vya wanawe wawili, viti vya wageni, na kigoda kilichokuwa kikikaliwa na redio. Akavihesabu upya kana kwamba kimoja kingeweza kuwa kimejificha. Akarudi jikoni akasema, "Nitakutengenezea kiti."

"Usijisumbue."

"Nitakutengenezea."

Kila mteja wake alikuwa akimpima: goti mpaka kisigino, nyonga mpaka goti, kiwiko. Ndiyo siri ya kiti kizuri, na alikuwa akiwaambia hivyo wanafunzi wake. Akachukua tepu, akapiga magoti mbele ya mkewe na kumpima mguu. Tepu haikusoma kitu. Akaiangalia, akaipangusa kwa shati, akapima tena. Haikusoma kitu.

"Labda imechoka," mkewe akasema.

"Labda."

Usiku ule alilala chali akijaribu kumpima kwa kumbukumbu. Alikumbuka kikohozi chake cha asubuhi. Alikumbuka vidole, vilivyokuwa na sugu za kamba kwenye ncha, na jinsi alivyokuwa akisema "eti" kabla ya kusema jambo zito. Urefu wa goti lake haukumjia. Aliyajua magoti ya mkuu wa shule, ya mchungaji, ya mwenye duka la mabati, lakini la mtu aliyelala ubavuni mwake hakulijua. Alinyoosha mkono upande wa pili wa kitanda, akaurudisha.

Asubuhi aliukagua mwimo wa mlango wa uani. Rangi ilikuwa imelika mahali mabega yalipokuwa yakiegemea, na chini kidogo mahali pa nyonga, na chini zaidi, ukutani, palikuwa na doa jeusi la unyayo, la miaka na miaka, ambalo wapaka rangi wawili walishindwa kulifuta. Akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kila alama, akaandika kwa penseli kwenye kiganja, akaenda karakana.

Alichagua mbao nyekundu alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mteja mkubwa. Mgongo aliulaza nyuma kidogo, kwa mtu aliyechoka. Mikono ya kiti aliipiga msasa mpaka ikawa laini kama sabuni iliyotumika. Makalio alidhamiria kuyasuka mwenyewe, akalowesha kamba, akaanza jioni jikoni, ulimi nje.

"Cha nani hicho?" mkewe akauliza.

"Cha mteja."

"Mteja wako mfupi."

"Si mrefu."

Mkewe aliangalia kazi ile, akashindwa kujizuia. "Lete huku. Umelegeza, ataanguka mtoto wa watu." Akatandika gunia sakafuni, akapiga magoti, akafumua alichosuka mumewe na kuanza upya. Kamba ziliitii mikono yake. Fundi aliketi sakafuni karibu naye, akiangalia, akitamani msuko ule usiishe. Waliongea habari za watoto walipokuwa wadogo. Ulipoisha, mkewe alipigapiga makalio yale kwa kiganja, kama anavyopigwa mtoto mgongoni akicheua.

"Ni chako," Fundi akasema.

"Changu?"

"Chako. Kaa."

Mkewe alisimama, akakizunguka. Alikisifia mgongo, akakisifia mikono. Kisha akaipua sufuria ya maharage jikoni, akaitua juu yake.

"Kinafaa," akasema. "Hapa palikuwa hapana pa kuwekea."

Fundi aliitoa sufuria. Kesho yake alichambua, akapika, akaosha, akafagia na kupiga deki kabla mkewe hajafika, ili asiwe na la kufanya. Mkewe alifika, akatazama huku na huku, akakunja kitambaa kilichokuwa kimekwisha kukunjwa. "Haya," akasema, akaketi. Kiti kilimkaa sawasawa. Miguu yake iligusa sakafu, mgongo wake ukapata mgongo wa kiti. Fundi akavuta ndoo, akakaa mbele yake, na kwa muda wa mtu kuvuta pumzi walikuwa wameketi wawili jikoni mwao.

Mkewe akainuka.

"Unaenda wapi?"

"Mtu ameomba maji."

"Hakuna aliyeomba. Niko mimi tu."

"Ataomba," mkewe akasema, na akabaki amesimama.

Jumapili akaja mtoto wao wa kwanza na mkewe. Kijana alipita jikoni, akasema, "Shikamoo mama," mama akasema, "Marahaba, umekonda," naye akaenda sebuleni kwenye kiti chake. Mkwe alivua viatu, akafunga kitenge kiunoni juu ya sketi ya kazini, akauliza pilipili iko wapi. Fundi alimwambia kila kitu kiko tayari, amepika mwenyewe, aende akakae na mumewe. Mkwe alicheka kwa adabu, akaanza kupakua.

"Mwanangu," Fundi akamwambia kijana sebuleni, "mwite mkeo aje ale hapa."

"Waache, baba," kijana akajibu, mdomo umejaa. "Wanawake wana mambo yao jikoni."

Fundi aliyajua maneno hayo. Alijua hata kituo kilichomo kati yake. Yalikuwa yake, na mtoto aliyarithi kama mtu anavyorithi paji la uso.

Kutoka jikoni alisikia kicheko kinachoanzia puani, kisha kicheko cha mkwe juu yake. Walikuwa wakinong'ona, wakikwangua sufuria, wakicheka tena. Alikuwa ameishi na mwanamke huyo muda wote ule na hakuwahi kuwamo ndani ya kicheko cha namna hiyo. Alijisikia kama mgeni anayepita nje ya nyumba yenye taa. Mwishowe alichukua sahani yake, akainuka, akaenda.

Walikuwa mlangoni, mmoja upande huu wa mwimo, mwingine upande ule, sufuria ya ukoko katikati, kila mmoja ameukunja mguu mmoja nyuma. Walipomwona, miguu ikashuka. Kicheko kikakatika.

"Unahitaji nini, baba?" mkwe akauliza. "Nikuongezee?"

"Sitaki kitu. Nimekuja kula na nyinyi."

"Umesimama hivyo?" mkewe akasema. "Utaumia mgongo." Na kabla hajajibu, mkwe alikuwa ameshakivuta kile kiti, amekipangusa kwa upindo wa kitenge, amekiweka nyuma ya magoti ya Fundi. Mkewe alimpokea sahani, akaijaza, akamrudishia. Mkwe akaleta maji. Fundi akajikuta amekaa. Kiti kilikuwa kifupi kwake, magoti yakamfika kifuani.

"Na nyinyi je?"

"Tutakula," wakasema kwa pamoja.

Walisimama, mmoja kulia, mwingine kushoto, wakimngoja. Fundi alianza kula taratibu, kwa sababu mkewe alikuwa karibu kiasi kwamba upindo wa gauni lake ungemgusa begani kama ungeweza kugusa, na alitaka chakula kile kidumu. Halafu akagundua kwamba kadiri anavyochelewa ndivyo wanavyongoja, na chao kinapoa. Akala harakaharaka. Akafika katikati ya sahani, pale penye maharage mengi na wali wa moto, akaacha. Akawasogezea.

"Nimeshiba," akasema. "Hii yenu. Kaeni mle ingali moto."

Mkewe akaitazama sahani, kisha akamtazama yeye, kwa upendo wote aliokuwa nao siku zote. Mkwe alikuwa ameshachukua kifuniko.

"Tutakuwekea, baba," akasema akiifunika. "Utakula usiku."