Hakuna Ufundishaji Uliotambuliwa

Mwalimu wa Hesabu aliyasoma maneno hayo kwenye kishikwambi, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni lake, akayasoma tena. Hayakubadilika. Alikuwa amefundisha kengele hadi kengele, chaki imemganda vidoleni na koo limemkauka, na sasa kipande cha kioo kisichoweza hata kujumlisha bila chaji kilimwambia waziwazi kwamba hakuna alichofanya.

Maneno hayo yalitoka kwenye mafunzo mapya ya walimu, yaliyopokewa shuleni kwa vifijo. Kila mwalimu angejirekodi akifundisha, angeituma video kwa mtandao, na programu ingeisikiliza na kumshauri namna ya kuiboresha kazi yake. Wazo lenyewe hakulipinga. Masomo yote ya utangulizi aliyasoma mwenyewe, wala hakumruhusu mtu amsaidie kubonyeza, kama walivyofanya wengi. Lakini ambaye angekosa cheti kufikia Ijumaa asingeruhusiwa kushika darasa la mtihani, na kwa Mwalimu wa Hesabu darasa la mtihani lilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote yalikuwa njia ya kulifikia.

Kikwazo kilikuwa ukimya. Mazoea yake yalikuwa kuandika swali ubaoni, kuweka chaki mezani na kunyamaza mpaka kila mtoto afikirie. Watoto waliuita muda huo "kwenda kisimani", kwa kuwa kila mmoja alikwenda kuchota jibu lake mwenyewe. Programu iliusikia ukimya huo ikadhani darasa ni tupu.

"Dada mkubwa, unajitesa bure," alisema mwalimu wa michezo, ambaye shule nzima ilimwita Spika kwa sababu ya sauti yake kubwa. Alikuwa ameketi juu ya meza ya ofisi ya walimu, akining'iniza miguu. "Waimbishe! 'Mbili mara mbili?' 'Nneee!' Ile mashine inapenda makelele. Mimi imenipa nyota zote."

"Na watoto wako wamepata nini?"

"Wamepata kikohozi."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mwalimu wa Hesabu hakucheka. "Shuka mezani," alisema.

Spika akashuka.

Mchana Mwalimu Mkuu alimfuata darasani. Zamani alikuwa mwanafunzi wake, na hata sasa hakuweza kusimama mbele yake bila kuficha mikono nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema hilo unaloona haya kulisema."

"Nimewapigia simu wale wa mafunzo. Wanasema hawana la kufanya, mfumo ndio unaoamua."

"Mfumo ni nani? Nipe namba yake nizungumze naye."

"Mwalimu, mfumo si mtu."

"Basi mbona unauogopa kama baba mkwe?"

Mwalimu Mkuu alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likafifia. "Kesho ni Ijumaa. Ukikataliwa tena, darasa itabidi nimpe Spika. Nisamehe."

Jioni hiyo, nyumbani alikoishi na mdogo wake mshonaji, alisukuma kando vipande vya vitambaa akakiweka kishikwambi mezani. Alikusudia kuandika malalamiko, na alitaka ushahidi: nyuso za watoto wakifikiri. Akaanza kuzitazama video zake zilizokataliwa.

Mdogo wake alichungulia begani. "Mbona mmekaa kama mnasubiri majibu ya hospitali?"

"Wanafikiri."

"Na wewe je?"

"Mimi nawaangalia."

Alipokwisha kusema hivyo, akajiona kwenye kioo cha kishikwambi. Hakuwa akiwaangalia. Macho yake yalikwenda madawati ya mbele, yakarudi ubaoni, yakaenda tena madawati yale yale. Huko pembeni, karibu na dirisha, msichana mmoja aliinua mkono hadi usawa wa sikio, akasita, akajifanya anajikuna. Akainua tena. Mtoto wa mbele akatoa jibu. "Vizuri," ilisema sauti ya mwalimu, na ubao ukafutwa. Akafungua video nyingine. Msichana yule yule, mkono ule ule, na ubao ukafutwa.

Mwalimu wa Hesabu alikisukuma kishikwambi kwa hasira hata mkasi ukaanguka.

"Mashine imekuudhi tena?" mdogo wake aliuliza.

"Mashine haijaniudhi. Ameniudhi huyu mwanamke aliyesimama ubaoni."

Malalamiko hayakuandikwa.

Siku ya Ijumaa aliandika ubaoni: nusu ya robo ni ngapi? Kishikwambi alikiegemeza mezani kikielekea watoto, naye akaenda kusimama nyuma kabisa. Wa mbele walipinda shingo kumtafuta. Akawaonyesha ubao kwa kidole, akanyamaza. Ukimya ukawa mrefu kupita kawaida. Mkono wa dirishani ukainuka, ukasita.

"Usiushushe," alisema kwa upole. "Nimeuona."

"Mimi sikuzidisha, Mwalimu. Nilichora mkate."

"Nenda ukatuchoree."

Msichana alichora, akakata, akakosea, akafuta kwa kiganja, akachora upya. Vipande vikawa vinane. Mtoto hodari wa dawati la kwanza, ambaye siku zote alijibu kwa kanuni, alisema kwa mshangao, "Kumbe ndiyo maana!"

Kilibaki kipindi kimoja tu cha kujirekodi. Spika alimfuata koridoni akimsihi awaimbishe watoto mara moja tu, japo kwa kuigiza, na kweli alikuwa akimtakia mema. Mwalimu wa Hesabu alifikiri, na kishawishi kilikuwa kikubwa. Kisha akaituma ile video ya mkate, amesimama kwenye dirisha la ofisi, mkono juu, akiutafuta mtandao. Duara lilizunguka, likakwama, likazunguka.

"Mwalimu haonekani. Hakuna ufundishaji uliotambuliwa."

Jumatatu alipewa darasa la chini. Akiwa koridoni alisikia darasa lake la zamani likiitikia kwa pamoja, "Moja ya naneee!" hata madirisha yakatetema. Akasikiliza kama iko sauti ya msichana yule. Hakuweza kuitambua.

Mwalimu Mkuu alimkuta mlangoni mwa darasa lake jipya. "Mwalimu, kile kishikwambi... kwa kuwa mafunzo yamekwisha, kinatakiwa kurudi."

"Kwako yamekwisha," alisema, akaingia na kukiegemeza mezani, kikielekea watoto.