Koplo Amkopesha Mkewe Maumivu

Koplo Santo wa kota za polisi Nsambya alikuwa na kifua cha ndovu, lakini mwaka mzima mwili ulimuuma kama uliotwangwa kinuni. Leo mabega, kesho nyonga, keshokutwa kote kwa mpigo. Usingizi alilala, ila aliamka amechoka kuliko alivyolala. Kusema hakuthubutu. Enzi zile za serikali ya bunduki, askari aliyeumwa bila jeraha aliitwa mgomaji, na wagomaji walipakiwa kwenye Landrova wasirudi kusimulia.

Akafanya ujanja wa kiume: akaenda kwa daktari mmoja Kyebando, mbali na macho ya kambi, akasema anayeumwa ni mkewe. Daktari akataka kumwona mgonjwa. Ujanja ukaingia mchanga.

Ikabidi amweleze mkewe, Joska. Joska hakumcheka, alisema tu kwamba siku hizi hata maradhi yanapita kwa magendo. Njiani Santo akamfundisha: sema mabega, sema nyonga. Joska akaitikia kama kuruta.

Mbele ya daktari, kuruta akaliacha somo. Akasema hata shuka ikimgusa inamuuma. Akasema kuna asubuhi anavibembeleza vidole vimkubalie kufunga vifungo vya mtoto. Santo akageuka. Hayo hakumfundisha.

“Tangu lini?” daktari akauliza.

“Tangu nimzae Acayo.”

Acayo alikuwa ameshaanza shule.

Daktari akatabasamu. Wanawake ndivyo walivyo, akasema. Ni mawazo tu, sukari imeadimika, mume hashindi nyumbani. Akamsogezea aspirini. Mgonjwa angekuwa mwanamume, akaongeza, angempima vizuri, maana mwanamume haji mpaka yamfike shingoni.

Mlango ulikuwa wazi. Santo angeweza kuchukua aspirini na kuondoka na siri yake nzima. Lakini Joska alikuwa ameshaanza kukaza kitenge chake aondoke, bila mshangao wowote, kama mtu aliyezoea kuambiwa hivyo.

“Daktari, mgonjwa niliyemsema ni mimi,” Santo akasema. “Nipime mimi. Kisha umpime na yeye vilevile.”

“Baba Acayo, kazi yako,” Joska akanong'ona.

“Wewe je, Mama Acayo? Miaka yote hiyo?”

“Ungenijibu nini? Nikapike?”

Ndivyo hasa Santo angejibu.

Daktari akainuka, akafunga dirisha. Akambonyeza Santo shingo, mabega, nyonga. Koplo akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akambonyeza Joska palepale, naye akaruka. Tabasamu likamtoka daktari. Akakiri kwamba jina la ugonjwa halijui wala dawa ya kuung'oa hana, ila mawazo matupu si hayo. Wajikande maji ya moto, watembee pole pole. Hakuandika chochote.

Jioni, wanaume wa kota wakamwona koplo amebeba karai la maji ya moto, anampelekea mkewe bafuni. Wakamzomea, wakauliza amelishwa nini. Wake zao walitazama tu.

Joska akatia kidole, akasema yanaunguza. Santo akarudi kuchota ya baridi.