Kadi Iliyokufa Huku Ikafufuka Kule

Bisibisi aliwasha kompyuta ili aingie kikaoni, mtandao hakuna. Si kwamba ulikuwa dhaifu. Hata alama yake ilikuwa imetoweka pembeni mwa skrini, kama mgeni aliyesikia kuna vyombo vya kuosha.

Kikao kilikuwa karibu kuanza. Kamati ya shule ilitaka kuona michoro ya madarasa mapya, na wachoraji walioitwa walikuwa wawili, yeye na mwanamume mmoja wa mjini. Asiyeonekana kwenye skrini, kazi inakwenda kwa mwenzake. Mwenyekiti alishasema, na hakuwa mtu wa kurudia. Simu isingefungua michoro ile. Alijaribu kuiunga kwenye kompyuta kwa waya ili aazime mtandao wake, waya ukakubali kuchaji tu.

"Si ulisema hiyo Linux yako haisumbui?" mumewe akauliza kutoka mlangoni.

"Haisumbui."

"Na hii ni nini?"

"Baba watoto, kama huna la kusaidia, kinga kiganja unishikie skrubu."

Hakuitwa Bisibisi bure. Alifungua kompyuta upande wa chini, akaikuta kadi ya mtandao imekaa mahali pake. Akaichomoa, akaipuliza, akairudisha, akabana vijiwaya vyake viwili vya antena. Akawasha. Linux, programu iliyoendesha kompyuta yake, ikamwambia kwamba inaona kitu pale, ila haikijui. Haikijui vipi, na jana mchana alituma michoro kwa kompyuta hiyohiyo? Hakuelewa kichwa wala miguu.

Akaichomoa tena, akaenda nayo chumba cha pili kwa mdogo wake, mwalimu wa hesabu aliyefundisha wanafunzi wake kwa mtandao. Ndugu hao walinunua kompyuta za aina moja makusudi, zile zinazofunguka kwa bisibisi moja, ili waazimane vipuri. Sheria ya kuazimana aliitunga Bisibisi mwenyewe: ukihitaji kipuri chukua, usinigongee mlango, usinipigie hotuba.

"Pisha," alimwambia. Akafungua kompyuta ya mdogo wake, akatoa kadi iliyokuwemo, akaweka ile aliyokuja nayo, akabana vijiwaya mpaka vikalia ta! Akawasha. Mtandao ukaja mbio.

"Nzima!" alisema, na hapo ndipo alipochanganyikiwa zaidi.

"Haiwezekani, dada," mwalimu akasema. "Hiyo imekufa."

"Wewe umejuaje?"

Mwalimu akatazama dari. "Kwa sababu ni yangu. Jana jioni ilinikatikia katikati ya somo. Nikachukua kadi yako, kompyuta yako nikaiwekea hiyo."

"Ukaniwekea maiti?"

"Sheria inasema tusigonge."

Bisibisi alikaa kitandani, kadi mbili zikimzunguka kichwani kama pia. Kwa mdogo wake ilikufa, kwake ikafa, kwa mdogo wake ikafufuka. Akainua kadi iliyokuwa mezani, ile yake halisi. Zilifanana kama mapacha, lakini hii aliichagua mwenyewe baada ya kuhakikisha kwamba Linux yake inaijua.

"Kijiwaya chako kilikuwa kimelegea tu," akasema taratibu. "Mimi nimekibana. Na kwangu haikufa. Kompyuta yako haitumii Linux, na Linux yangu haina draiva yake, yaani haijui namna ya kuongea nayo. Kuingia kwenye tundu si kujuana."

"Kwa hiyo ilikuwa mbovu, au haikuwa mbovu?"

"Kwako haikuwa mbovu. Kwangu ndiyo haifai."

"Lakini kwangu ndiko ilikokatika!"

"Mwalimu wa hesabu mzima!"

"Hii si hesabu, dada. Hesabu ina jibu."

"Mimi nimepotea tangu skrubu ya kwanza," mumewe akasema kutoka mlangoni, skrubu bado kiganjani.

Bisibisi alikuwa ameshatoka na kadi yake. Aliipachika, hakufunga hata kifuniko, akawasha. Alama ikarudi. Alipoingia kikaoni, mwenzake alikuwa anashukuru kwa kusikilizwa.

"Tulidhani umejitoa," mwenyekiti akasema.

"Sikujitoa. Kadi yangu ilikuwa chumba cha pili."

"Sijakuelewa."

"Hata mimi sijaelewa yote, mwenyekiti. Naomba nioneshe michoro."

Mjumbe mmoja alicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alitaka mlango wa darasa la mwisho usogezwe palepale, aone kama kiti cha magurudumu kitapita bila kugonga nguzo. Bisibisi akausogeza, vipimo vikabadilika mbele ya macho yao. Kiti kinapita. Na dirisha je? Akalisogeza dirisha. Wakanong'onezana kwa muda uliomtoa jasho.

"Kazi ni yako," mwenyekiti akasema hatimaye. "Ila kikao kijacho, mama, njoo na kompyuta inayoeleweka."

"Hii inaeleweka," Bisibisi akajibu, kwa sauti kubwa kuliko uhakika aliokuwa nao.