Volti Tatu za Kalimoni

Jumanne saa nne asubuhi, Waithira alikuwa ameinamia injini ya gari kubwa jeupe kwenye gereji yake mjini Thika, mita mkononi, akitafuta volti tatu zilizopotea.

Gari lilikuwa la Injinia Ephantus wa Membley, mkandarasi wa majengo ya serikali. Kila likipita Mugutha, taa ya injini iliwaka na nguvu zikaisha. Mafundi watatu wa Ruiru walilisoma kwa mashine, wakaambiwa kosa liko kwenye sensa ya manifoldi, lile bomba la kuigawia injini hewa, na wote watatu wakabadilisha sensa. Ndivyo wengi wanavyotibu siku hizi: mashine ikitaja jina la kitu, kitu hicho kinatupwa. Waithira hakuwa na subira na ufundi wa namna hiyo. Yeye hufuata waya mpaka uungame.

Waya wa kupeleka volti tano kwenye sensa ulipeleka tano kwa dakika kumi, kisha mbili kwa dakika kumi, kisha tano tena. Aliufuata kwa kidole. Nyuma ya manifoldi aliukuta umechubuliwa na kuunganishwa na waya mwingine mwembamba, kiungo kimefungwa kwa plasta ya vidonda. Waya huo wa pili ulipenya kwenye tundu na kuingia ndani. Hakuna fundi wa magari anayefunga waya kwa plasta ya vidonda. Waithira akafungua mdomo wa manifoldi, akamulika tochi.

Ndani kulikuwa na benchi, akina mama kumi na mmoja waliopakata watoto, friji ya chanjo ikinguruma, na ukuta wa krimu juu na buluu chini ulioandikwa ZAHANATI YA KALIMONI. Hewa ilikuwa ya kutosha.

"Funga mlango, vumbi inaingia," akasema nesi, ambaye beji yake ilisema Wilkister. "Kama ni presha, foleni inaanzia huko kwa filta."

"Sista, huo waya ni wa gari."

"Stima hawajawahi kutuletea. Nikiutoa, chanjo itaharibika kabla ya saa nane."

Waithira alizaliwa Kalimoni. Huko zahanati hiyo ilikuwa kibao na msingi wa mawe uliolaliwa na mbuzi. Uwanja upo, mawe yapo, wagonjwa wapo. Penye miti hapana wajenzi. Mama yake, Tabitha, mgonjwa wa presha, aliisubiri miaka mitatu huku akisafiri hadi Thika kila mwezi kutafuta vidonge. Majirani walisema Injinia ameila. Walimkosea kidogo. Hakuila, alikuwa akiiendesha. Waithira alishikwa na hasira.

Injinia, aliyekuwa akingoja nje ya gereji, alimaliza simu yake, akaja kuchungulia. Rangi ya ukuta aliitambua.

"Ehe, kumbe iliingia hapo," akasema. "Kata hiyo waya, madam. Niko na mkutano Ruiru saa sita."

"Nikikata, watoto wa watu watakosa chanjo."

"Hiyo si ni maneno ya wizara? Mimi nilipewa kazi ya kujenga. Na si imejengwa? Umeiona na macho yako."

Ni kweli, Waithira aliiona. Alijua pia kwamba akikataa, fundi mwingine atakata. Akatoa waya mpya kwenye betri, akauwekea fyuzi yake, akaufikisha kwenye friji, kisha akakata ule wa plasta. Volti tano zikarudi kwenye sensa, zikatulia.

Wakati huo mama yake alipita akitoka hospitalini mikono mitupu, vidonge viliisha. Waithira akamshika mkono, akamwonyesha. Tabitha alisoma ukuta, akavua kofia yake ya sufu, akainama chini ya boneti kama anavyoinama kuingia jikoni kwake.

"Si mngesema iko huku," akasema, na akaingia.

Waithira alikwenda kunawa grisi. Aliporudi, Injinia alikuwa amefunga boneti na kuondoka. Waithira akampigia mama yake simu.

"Mami, uko wapi?"

"Tumepita Juja. Watu ni kumi na mmoja mbele yangu. Hii gari inavuta vizuri, kairitu, binti yangu. Umeitengeneza kweli."

Tangu siku hiyo wagonjwa wa Kalimoni hupanga foleni alfajiri nje ya geti la Injinia huko Membley, na bawabu huwaandika kwenye kitabu cha wageni. Injinia akichelewa kuamka, wanangoja. Akisafiri, wanarudi nyumbani. Tabitha siku hizi hubeba kigoda chake.

Mwezi wa tisa Injinia alirudi Thika na gari jingine, jeusi, kubwa kuliko la kwanza. Alikuwa amepewa kazi ya kuijengea Kalimoni wodi ya wazazi.

"Ni mpya kabisa," akasema, "lakini ikifika Mugutha inakosa pumzi."

Waithira hakuchukua mita. Alifungua boneti, akanawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, akasubiri. Ndani ya manifoldi mtoto alikuwa akilia kwa mara ya kwanza.